Ardhioevu na Viumbe Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo hujirudia kila ardhioevu zinapotajwa, iwe ni kwa wanafunzi, wakulima, wavuvi au watu wanaotaka tu kujua kwa nini watu wanashupalia kulinda matope. Tumeanza na mambo ya msingi, yenye utata yako mwishoni. Jambo likiwa limeelezwa kwingine, tumetaja namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Ardhioevu ni nini hasa?

Ni mahali ambapo maji ndiyo yenye amri. Yanaamua udongo uweje, mimea gani iote na wanyama gani wakae. Maji yanaweza kuonekana juu ya ardhi au yakawa chini kidogo ya uso wake, almuradi udongo unalowa muda mrefu wa kutosha kukosa hewa. Mimea ya kawaida hufa hapo kwa sababu mizizi haipumui. Iliyozoea hali hiyo, kama mafunjo, matete, yungiyungi na mikoko, ndiyo hutawala.

Tafsiri inayotumika kimataifa, ile ya Mkataba wa Ramsar (swali la 18), ni pana: vinamasi, ardhi ya mboji, maji yaliyotuama au yanayotiririka, maji baridi au ya chumvi, ya asili au yaliyotengenezwa na watu, ya kudumu au ya msimu, pamoja na sehemu za bahari zisizozidi kina cha meta 6 maji yanapokupwa. Kwa tafsiri hiyo hata matumbawe ya kina kifupi yamo.

2. Mahali panapokauka nusu mwaka pia huhesabiwa?

Ndiyo, na mara nyingi ndipo penye uhai mwingi zaidi. Bonde la mafuriko likikauka, tope hupata hewa, kinyesi na majani yaliyooza hugeuka mbolea, na nyasi changa huota. Maji yakirudi, samaki hutoka mtoni na kuingia kwenye maji machache yenye joto na chakula tele ili wazaliane. Ukizuia kukauka umeharibu, na ukizuia kufurika umeharibu zaidi.

Mfano unaoshangaza wengi ni delta ya Okavango nchini Botswana. Mvua hunyesha kwenye nyanda za juu za Angola, lakini maji yake huchukua miezi kusafiri, hivyo delta hujaa kabisa katikati ya kiangazi cha hapo, takriban Juni hadi Agosti. Wanyama wa eneo lote lile kavu humiminika huko wakati hakuna tone la mvua. Maji yenyewe hayafiki baharini: karibu yote hugeuka mvuke au hunyonywa na mimea.

Kutoelewa jambo hili kumegharimu sana. Mtu hupita bondeni wakati wa kiangazi, akaona pakavu, akapima viwanja. Maji yakirudi kwenye njia yake, tunasema ni maafa ya asili.

3. Ardhioevu kubwa ziko wapi?

Karibu kila mahali, isipokuwa Antaktika. Pantanal, iliyoko Brazili, Bolivia na Paraguai, ndiyo kubwa kuliko zote za ukanda wa tropiki, ikiwa na zaidi ya kilometa za mraba 150,000. Siberia ya Magharibi ina ardhi za mboji zisizo na mwisho machoni. Afrika ina Sudd huko Sudan Kusini, ambako Mto Nile Mweupe hutawanyika na kupoteza takriban nusu ya maji yake, ina Bangweulu ya Zambia, Malagarasi-Muyovozi na bonde la Kilombero nchini Tanzania, na misitu ya vinamasi ya katikati ya bonde la Kongo (swali la 12).

## Viumbe wa ardhioevu

4. Kwa nini ndege na wanyama hujazana huko kuliko kwingine?

Chakula. Mafuriko huleta tope lenye rutuba, na jua hupenya hadi chini kwa kuwa maji si ya kina. Mimea huota haraka, hufa, huoza papo hapo. Katika uozo huo hustawi bakteria, na bakteria huliwa na lava (wadudu wachanga wa majini) na konokono, ambao huliwa na samaki na vyura, na mlolongo unaendelea hadi kwa mamba na tai. Ardhioevu huchukua takriban asilimia 6 tu ya nchi kavu, lakini inakadiriwa kuwa asilimia 40 ya spishi zote huishi au huzaliana humo.

Kaa kimya ukingoni asubuhi utaona jinsi ndege walivyogawana mahali hapo bila kugombana. Domomwiko hufagia maji kwa mdomo wake bapa, kushoto kulia. Kwarara hudunga tope kutafuta minyoo. Mnandi huzamia mzima mzima, kisha husimama juu ya kisiki akianika mabawa. Mwari huvua kwa kundi, wakiwazingira samaki na kuwasukuma kwenye maji machache. Kila urefu wa mguu na umbo la mdomo lina kina chake cha maji, na ndiyo sababu mabadiliko ya nusu meta tu ya kina huweza kufukuza spishi nzima huku nyingine zikibaki.

5. Ni viumbe gani hawawezi kuishi mahali pengine?

Tuanze na kamongo. Samaki huyu ana mapafu na lazima apande juu kuvuta hewa. Bwawa linapokauka huchimba shimo kwenye tope, hujikunja, hutoa ute unaokauka na kuwa ganda kumzunguka, kisha huacha tundu dogo la kupumulia. Hukaa humo miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, akiishi kwa kula misuli ya mwili wake mwenyewe. Mvua ya kwanza ikilainisha tope, anatoka.

Anayemwinda kamongo kwa ustadi kuliko wote ni korongo-nyangumi, ndege wa kijivu mwenye kimo cha zaidi ya meta moja na mdomo mpana mithili ya kiatu. Husimama ukingoni mwa mafunjo bila kutikisika kwa muda mrefu mno. Kamongo akipanda kupumua, ndege hujiangusha kwa uzito wake wote, mdomo mbele, na huibuka na samaki pamoja na fungu la majani ambalo hulitema polepole. Anapatikana Sudan Kusini, Uganda, magharibi mwa Tanzania, Kongo na kaskazini mwa Zambia, na idadi yake inakadiriwa kuwa baina ya 5,000 na 8,000. Hutaga mayai mawili, lakini kwa kawaida hulea kinda mmoja tu hadi mwisho, kwa hiyo kiota kimoja kikiibwa ni hasara ya mwaka mzima.

Halafu kuna nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame topeni. Akiona hatari huingia majini na kubakiza pua tu juu.

6. Heroe wanatafuta nini kwenye maziwa ya magadi?

Mwani mdogo sana wa rangi ya kijani na buluu unaostawi katika maji yanayounguza ngozi ya viumbe wengine. Heroe mdogo hupindua kichwa, mdomo juu chini, na kuchuja maji kwa vichujio vilivyomo mdomoni. Rangi yake ya waridi inatokana na chakula hicho.

Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ndipo heroe wadogo wengi zaidi duniani huanguliwa. Hujenga vichuguu vidogo vya tope juu ya matandiko ya magadi, mahali ambapo fisi na mbweha hawathubutu kufika. Wakati huohuo hilo ni udhaifu mkubwa: spishi nzima imeweka sehemu kubwa ya matumaini yake kwenye ziwa moja. Maji yakizidi viota huzama, yakipungua maadui hutembea hadi vilipo.

7. Kiboko ana faida gani zaidi ya kuogopwa?

Usiku hula nyasi nchi kavu, kiasi cha kilo 40, na mchana hunya majini. Hivyo huhamisha rutuba kutoka mbugani kwenda kwa samaki na wadudu wa majini. Njia anazopitia ndani ya matete huwa mifereji midogo inayoruhusu maji kusambaa. Lakini yote yanategemea mto kutiririka. Maji yakipungua na viboko wakabanana kwenye dimbwi moja, kinyesi hula hewa yote ya majini na samaki hufa. Hali hiyo imeonekana katika Mto Mara, na hapo anayestahili kulaumiwa ni aliyechukua maji.

8. Ndege wanaohama wanahusianaje na ardhioevu za nchi nyingine?

Kwao zote ni njia moja. Mwaka 2022 ndege wa pwani wa ukoo wa sululu, aitwaye kitaalamu *Limosa lapponica*, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, takriban kilometa 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Alikuwa kinda wa miezi mitano. Wakirudi kaskazini, ndege hawa hutua kwenye matope ya Bahari ya Njano, baina ya China na rasi ya Korea, kujaza mafuta mwilini. Sehemu kubwa ya matope hayo imefukiwa au kuzibwa. Mwaka 2006 ukuta wa bahari wa Saemangeum, Korea Kusini, wenye urefu wa kilometa 33, ulifungwa na kukata maji ya bahari kwenye moja ya vituo vyao vikuu, na maelfu ya ndege hawakuonekana tena kwingineko.

Nchi inaweza kulinda ndege hao kwa uangalifu wote na bado ikawapoteza kwa jambo lililofanyika kituo cha katikati.

9. Je, chura mdogo anastahili kusumbukiwa hivyo?

Swali hili huulizwa sana kuhusu chura wa Kihansi, na kisa chake kinafaa kuelezwa kwa ukamilifu. Mwaka 1996, kwenye korongo la maporomoko ya Mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, Tanzania, wanasayansi walikuta chura wa manjano asiyefikia sentimeta 3, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Alikuwa akiishi kwenye kipande cha majani cha hekta chache tu kinacholoweshwa na manyunyu ya maporomoko, usiku na mchana. Ni ardhioevu iliyotengenezwa na ukungu.

Bwawa la umeme lilipoanza kazi, karibu mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji iligeuzwa njia na manyunyu yakakatika. Mabomba ya kunyunyizia yaliwekwa, idadi ikapanda, kisha mwaka 2003 vyura wakafa kwa ghafla, na kuvu wa ngozi akahusishwa na vifo hivyo. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Aliokolewa na uamuzi uliofanywa mapema: takriban vyura 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 na kulelewa kwenye bustani za wanyama. Kuanzia 2012 vizazi vyao vimekuwa vikirudishwa Kihansi.

Ndiyo, anastahili. Aliishi miaka isiyohesabika bila kumdai mtu chochote isipokuwa manyunyu.

## Kazi zinazofanywa na ardhioevu

10. Ardhioevu huzuiaje mafuriko?

Kwa kuyapa maji nafasi ya kutandaa na kupunguza mwendo. Mto uliobanwa kwenye kingo hupanda juu na kukimbia, lakini ule unaoruhusiwa kuingia bondeni hutawanyika kwenye matete, na maji hushuka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Miaka ya 1970 kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Marekani, waliozoea kujenga mabwawa, kilipima Mto Charles huko Massachusetts na kuona kuwa ni nafuu zaidi kununua na kulinda zaidi ya hekta 3,000 za ardhioevu za bonde hilo kuliko kujenga bwawa la kukinga mafuriko. Wakafanya hivyo.

Kuna mpaka wake, na ni vizuri kuusema. Kinamasi kilichoko chanzoni mwa mto, ambacho tayari kimejaa pomoni, hakiwezi kupokea mvua zaidi, hivyo maji hupita juu yake moja kwa moja. Mabonde ya mafuriko ya katikati na chini ya mto ndiyo hufanya kazi kubwa ya kupunguza kilele cha mafuriko.

11. Ni kweli husafisha maji machafu?

Ni kweli, kwa njia mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni ya kawaida tu: maji yakipunguza mwendo kati ya mashina, tope hutuama. Ya pili hufanyika kwenye tope lisilo na hewa, ambako bakteria hupumua kwa kutumia nitrati badala ya oksijeni na kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni inayorudi angani bila madhara. Mizizi ya mafunjo hunyonya sehemu ya fosforasi. Kinamasi cha Nakivubo, Kampala, kwa miaka mingi kimepokea maji machafu ya jiji kabla hayajaingia Ziwa Victoria. Huko Kolkata, India, maji taka huingizwa kwenye mabwawa ya kina kifupi, jua na mwani hufanya kazi yake, na samaki hufugwa humo.

Kisichosafishika ni metali nzito. Risasi na zebaki hubaki topeni na kupanda kwenye miili ya samaki. Na kinamasi kinachopokea uchafu kupita uwezo wake, au kilichokatwa mafunjo na kuchimbwa mfereji wa kupitisha maji moja kwa moja, hakisafishi chochote.

12. Zina uhusiano gani na tabianchi?

Mmea unaokufa ndani ya maji yasiyo na hewa hauozi hadi mwisho. Mabaki hulundikana mwaka baada ya mwaka na kuwa tabaka nene la mboji iitwayo peati. Ardhi za peati ni takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu, lakini zimehifadhi kaboni nyingi kuliko misitu yote ya dunia ikijumlishwa. Mwaka 2017 wanasayansi walitoa ramani ya peati iliyo chini ya misitu ya vinamasi katikati ya bonde la Kongo: zaidi ya kilometa za mraba 145,000, yenye takriban tani bilioni 30 za kaboni. Ilijilimbikiza kwa zaidi ya miaka 10,000.

Ukichimba mfereji na kuikausha, hewa huingia, uozo uliosimama huendelea, na hewa ukaa hutoka. Peati kavu pia hushika moto unaotambaa chini ya ardhi kwa wiki nyingi, kama Indonesia mwaka 2015.

13. Lakini si zinatoa methani?

Zinatoa, na ndizo chanzo kikubwa kuliko vyote vya asili vya gesi hiyo. Hoja hii hutumiwa kudai kuwa kuzikausha ni kuisaidia tabianchi. Haisimami. Methani huzidi hewa ukaa kwa nguvu ya kuipasha dunia joto, lakini hudumu angani takriban miaka 12 kisha huvunjika, wakati hewa ukaa inayotoka kwenye peati iliyokaushwa huongezeka juu ya iliyokuwepo na kukaa karne nyingi. Ardhioevu nzima huwa katika mizani yake ya siku zote, ila iliyokaushwa huachia deni la maelfu ya miaka katika vizazi viwili vitatu.

## Hofu na malalamiko ya kawaida

14. Si ndiko mbu wa malaria wanakotoka?

Mbu huzaliana kwenye maji, hilo halina ubishi. Ila *Anopheles gambiae*, msambazaji mkuu wa malaria Afrika, hupenda vidimbwi vidogo vya muda vinavyopigwa na jua: alama za kwato na za matairi ya gari, mifereji ya mashamba. Kinamasi chenye kivuli cha mafunjo, samaki, vyura na lava wa kereng'ende kina maadui wengi wa lava wa mbu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kutoka nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Uganda ulilinganisha vinamasi vya asili na vile vilivyofyekwa kwa kilimo. Vilivyolimwa vilikuwa na joto zaidi, na nyumba za jirani zilikuwa na mbu wengi zaidi wa malaria. Kufyeka mafunjo kwa ajili ya kukimbia mbu, kwa hiyo, kunaweza kuwaita.

15. Na kichocho, mamba, nyoka?

Hatari hizo ni za kweli. Kichocho huenezwa na konokono wa maji baridi, hasa mahali watu wanapojisaidia na kuoga palepale, kwa hiyo vyoo na maji safi huponya zaidi kuliko kukausha kinamasi. Kwa mamba na viboko, sehemu maalumu za kuchota maji zilizozungushiwa uzio huokoa maisha. Jamii zinazobeba hatari hizi zina haki ya kusaidiwa kabla ya kuhubiriwa uhifadhi.

16. Kwa nini tusizikaushe tulime? Watu wana njaa.

Kulima pembezoni mwa ardhioevu, kwa kufuata maji yanavyopungua, ni kilimo cha zamani na kizuri. Balaa ni kukausha kabisa. Udongo wa peati ukikauka hunywea na kuliwa na hewa. Huko Holme Fen, Uingereza, nguzo ya chuma ilizamishwa ardhini mwaka 1851 hadi kichwa chake kikawa sawa na uso wa ardhi. Leo imesimama takriban meta 4 juu, kwa kuwa ardhi yenyewe ndiyo imeshuka. Tope la mikoko nalo lina madini ya salfa ambayo yakikutana na hewa hugeuka asidi kali, na shamba likaachwa baada ya misimu michache.

Hesabu pia husahau waliokuwa wakila tayari: wavuvi, wafugaji wa kiangazi, wasuka mikeka na akina mama wanaochota maji. Mazao mapya huandikwa kwenye daftari la mwekezaji. Samaki waliopotea hawaandikwi popote.

17. Magugumaji yakifunika ziwa, hiyo nayo ni ardhioevu ya kulinda?

Hapana. Gugu hilo la maua ya zambarau lilitoka Amerika ya Kusini, na likiingia kwenye maji yenye mbolea nyingi ya uchafu huzuia mwanga na hewa. Lilienea Ziwa Victoria miaka ya 1990 na likapungua sana mwishoni mwa muongo huo baada ya kuletwa mbawakawa wadogo wanaolila, pamoja na mabadiliko ya hali ya hewa. Hurudi kila uchafu unapoachwa uingie ziwani.

## Upotevu na ulinzi

18. Mkataba wa Ramsar ni nini, na unalinda kweli?

Ni mkataba wa kimataifa uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar, Iran, pwani ya Bahari ya Kaspi, na kuanza kutumika mwaka 1975. Ndiyo maana Siku ya Ardhioevu Duniani huadhimishwa Februari 2. Zaidi ya nchi 160 zimejiunga na kuorodhesha zaidi ya maeneo 2,500. Kigezo kimojawapo cha kuorodheshwa ni kupokea ndege wa majini 20,000 au zaidi mara kwa mara.

Mkataba hauna polisi wala faini. Unaidai nchi itumie ardhioevu kwa busara, ikiwemo zile zisizo kwenye orodha, na eneo lililo hatarini huweza kuwekwa kwenye orodha ya tahadhari iitwayo Montreux. Nguvu halisi iko kwenye sheria za nchi. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004, kwa mfano, inazuia shughuli zenye madhara ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa maji, na Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaka serikali ishike ardhioevu kama amana ya wananchi.

19. Kulinda maana yake watu waondolewe?

Haitakiwi kuwa hivyo, na palipofanywa hivyo mara nyingi walinzi bora ndio waliofukuzwa. Mkataba wenyewe unatambua matumizi ya watu. Gazi, pwani ya Kenya, wanakijiji wanalinda na kupanda mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 kuuza hati za hewa ukaa, yaani kulipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule za kijiji.

20. Zimepotea kiasi gani?

Katika maeneo yaliyofuatiliwa, takriban asilimia 35 ilipotea kati ya 1970 na 2015, mara tatu ya kasi ya upotevu wa misitu. Utafiti mpana wa mwaka 2023 ulikadiria kuwa tangu 1700 dunia imepoteza kilometa za mraba milioni 3.4. Takwimu za tafiti hutofautiana kwa sababu wengine huhesabu maeneo yenye kumbukumbu tu.

21. Nini hasa kinaziua?

Wengi hutaja wakulima wadogo na wakata matete, kwa kuwa wanaonekana. Pigo kubwa zaidi kwa kawaida hutoka mbali, juu ya mto, kwa watu ambao hawajawahi kuiona ardhioevu yenyewe. Bahari ya Aral, ziwa kubwa la Asia ya Kati, ilikauka kwa sababu mito miwili inayoilisha, Amu Darya na Syr Darya, iligeuzwa kwenda mashamba ya pamba kuanzia miaka ya 1960. Hakuna aliyegusa ufuo wake.

Kwa hiyo mpaka uliochorwa kwenye ramani haulindi kitu ikiwa njia ya maji haijalindwa. Ukisikia ardhioevu fulani imehifadhiwa, uliza maswali mawili: maji yake yanatoka wapi, na nani mwingine ameahidiwa maji hayo? Sudd ilinusurika kwa namna ya ajabu. Uchimbaji wa mfereji wa Jonglei, ambao ungeyapitisha maji ya Nile pembeni, ulianza 1978 na kusimama 1984 kwa sababu ya vita, na mtambo mkubwa wa kuchimbia ukaachwa palepale.

22. Iliyokufa inaweza kufufuliwa?

Mara nyingine, ikiwa mbegu bado zimo topeni na maji yakarudi. Vinamasi vya kusini mwa Iraki, baina ya Tigris na Frati, vilikaushwa miaka ya 1990 kwa makusudi ya kuwaadhibu wakazi wake, na karibu asilimia 90 ikageuka jangwa la chumvi. Mwaka 2003 wenyeji walibomoa kuta kwa mikono yao. Matete yakaota, nyati na ndege wakarudi, ingawa sehemu kubwa haikupona na ukame pamoja na mabwawa ya juu vinairudisha nyuma tena. Peati ni habari nyingine: ukirudisha maji unasimamisha hasara, lakini tabaka lililopotea halirudi ndani ya maisha ya mtu.

## Maswali yenye utata

23. Mkandarasi akiharibu hapa na kutengeneza nyingine kule, si sawa?

Mara chache sana. Bwawa jipya lenye matete machache linaweza kupendeza, lakini halina mkondo uleule, udongo uleule wala wakazi walewale. Njia hiyo ibaki ya mwisho, baada ya kushindikana kuepuka.

24. Majaruba ya mpunga na mabwawa ya kuchimbwa yanatosha kwa ndege?

Huwasaidia wengi, hasa bata na korongo, na majaruba yasiyopigwa sumu huwa na vyura tele. Lakini nzohe hatakaa jarubani, wala korongo-nyangumi.

25. Kupanda mikoko ufukweni siku zote ni jambo jema?

Hapana. Baada ya tsunami ya 2004, mamilioni ya miche ilipandwa kwenye matope ya wazi, hasa Sri Lanka, na mingi ikafa kwa sababu mahali pale hupata maji ya chumvi kwa muda mrefu kupita uwezo wa mche. Matope hayo pia ni malisho ya ndege wa swali la 8. Angalia kwanza mikoko iliota wapi zamani na kwa nini ilitoweka. Mara nyingi ukifungua tuta lililozuia maji ya bahari, mbegu huja zenyewe.

Inafaa kuitunza: meta 100 za mikoko hupunguza urefu wa mawimbi ya kawaida kwa asilimia 13 hadi 66, na mizizi yake ni malezi ya kamba na samaki. Ila tsunami kubwa haizuiliki kwa mikoko peke yake.

26. Maji yakizidi badala ya kupungua, ardhioevu inafaidika?

Si lazima. Maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya yamepanda sana tangu miaka ya 2010. Baringo imemeza nyumba na shule, na Nakuru imezimua magadi yake kiasi kwamba mwani wa heroe (swali la 6) umepungua na ndege wakahamia kwingine. Spishi nyingine zimeingia. Hapa kazi ya wahifadhi ni kuacha pembezoni wazi ili ziwa lipande na kushuka bila kukuta ukuta, na kulinda maziwa jirani ambako heroe wanakimbilia.

27. Nikikuta ndege wengi wamekufa ukingoni nifanye nini?

Usiwaguse, na wazuie watoto, mbwa na kuku wasisogee. Inaweza kuwa homa ya mafua ya ndege, sumu ya mwani, sumu ya bakteria inayotokea maji yanapopata joto na kukosa hewa, au dawa ya mashambani. Kwa macho huwezi kutofautisha. Piga picha kwa mbali, andika mahali, tarehe, aina za ndege na idadi kwa makadirio, na kama maji yana rangi au harufu isiyo ya kawaida. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa ofisi ya mifugo au ya wanyamapori, maana sampuli ya mzoga uliooza haisemi kitu maabara. Usile wala kuuza samaki wa hapo mpaka majibu yatoke.